Mdomo wa Filimbi

Kwenye kiwanda kile cha makopo, mtu akitaka kukuambia kitu hatoi sauti, anachezesha mdomo tu. Kupiga kelele ni kazi bure. Mashine kumi na mbili za vifuniko zinagonga bati tangu asubuhi mpaka jioni, na mlio wake unakuingia hadi kwenye meno. Kwa hiyo watu wa pale, wakishakaa mwaka mmoja au miwili, wanasoma midomo kama karani anavyosoma barua. Wanasengenyana, wanatongozana, wanaombana chumvi ya mchana, wanatukanana mpaka ukoo wa tatu, na husikii hata neno. Mgeni akiingia anadhani watu wanatafuna hewa.

Ofisini hawakulijua hilo. Ofisi iko juu, nyuma ya vioo vinene, na watu wa ofisini walikuwa hawashuki chini ila siku ya wageni.

Shangazi alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye mashine namba nne. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi, lakini wa damu alikuwa mmoja tu, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana jino moja mdomoni. Huyo walimpachika jina la Chiriku, maana alikuwa hanyamazi. Hata kwa midomo mitupu alikuwa anaongea mbio mbio mpaka wenzake wanamwashiria apunguze mwendo, macho yamechoka. Shangazi ndiye aliyemwombea kazi. Alimweka namba tano, mgongo kwa mgongo naye, akamfundisha sheria moja. Bati likikunjika na kukwama ndani, bonyeza kitufe chekundu. Kisha hesabu mpaka tatu, kwa sababu kisu hushuka mara moja zaidi baada ya kuzimwa. Ndipo uingize koleo. Usiingize mkono kamwe.

"Zima, moja, mbili, tatu," alimwambia. "Hata kama paa linaungua."

Wiki saba kabla ya sikukuu ya kiwanda, kisu cha namba tano kilimla Chiriku vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Shangazi hakuona. Alikuwa amempa mgongo. Alichokiona ni uso wa Redio, yule mpakia bati wa upande wa pili, bingwa wa kupiga domo, ambaye mdomo wake haukosi neno, aliyeinua macho kisu kikiwa kimeshashuka. Safari hii mdomo ulikuwa wazi na haukusema kitu. Shangazi akageuka.

Nyapara wa mstari wao aliitwa Filimbi. Alikuwa anavaa filimbi shingoni kwa kamba nyeusi, akiipuliza mashavu yanavimba kama maandazi, na tangu aajiriwe hakuna binadamu aliyewahi kuisikia. Huyo ndiye aliyepanda ofisini akaeleza. "Nilimwambia azime. Nikamwambia mara ya pili. Akaingiza mkono." Afisa Utumishi akaandika. Kisha Shangazi akaitwa, aproni yake ikiwa bado na damu ya mtoto wake.

"Sheria ya kuzima mashine ulimfundisha?"

"Nilimfundisha."

"Vizuri. Weka sahihi hapa."

Aliisoma ile karatasi, tusimsingizie kwamba hakuisoma. Ilisema binti alikumbushwa, akapuuza, akajiumiza kwa uzembe wake mwenyewe. Akaweka sahihi. Aliamini. Alimjua Chiriku na domo lake, akajiambia lazima alikuwa anapiga soga na mtu, akasahau.

Chiriku alipotoka hospitali, mkono umefungwa kama kichwa cha mtoto mchanga, Shangazi alimpokea uani kwa matusi. Uani pale kuna vyumba tisa na kuta za mabanzi, ukipiga chafya wa kwanza, wa tisa anakuombea afya. Alimwita mzembe. Alimwita mzigo. Alisema, "Ishirini na sita, mimi! Miaka ishirini na sita na vidole kumi! Wewe miwili tu umeniaibisha!"

Chiriku alisema maneno machache kuliko siku zote za maisha yake. "Yeye ndiye aliyenikataza kuzima, Shangazi."

"Usimsingizie mtu! Umeshaharibu mkono, usiharibu na mdomo."

Tangu siku ile Chiriku hakumwongelesha tena. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, na kati yao hamna salamu. Chiriku alizunguka kutafuta kazi ya mkono mmoja na nusu. Akaenda kiwanda cha viberiti, akaenda kwa wafua nguo, akaenda mpaka kwa wachambua maharage. Kila mlango ulimwomba barua ya alikotoka, na barua ilisema mzembe. Anarudi, anaiweka mezani, anakaa anaiangalia. Shangazi naye anaiangalia. Ilikuwa imebanwa na nakala ya ile karatasi, na sahihi yake ilikuwa pale chini, nadhifu, kama ya mwanafunzi.

Basi ikafika siku ya kiwanda kutimiza miaka yake, na ofisi ikatangaza kwamba baada ya chakula cha mchana mashine zitapumzika saa moja nzima, kutakuwa na picha ya kuchekesha kantini. Watu wakaziba madirisha kwa maboksi, wakatundika pazia jeupe ukutani la kuonyeshea picha. Viti vya mbele vikakaliwa na ofisi, benchi za nyuma zikakaliwa na waliobaki. Projekta ilishikwa na Mpima Muda, kijana mwenye saa ya kubonyeza, aliyekuwa amekaa mwezi mzima mle kiwandani na kamera ya miguu mitatu, anapima mkono wa mtu unachukua sekunde ngapi kutoka hapa mpaka pale.

Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, haina sauti. Kulikuwa na jamaa mmoja mwembamba, koti limemzidi mabega, ameajiriwa kwenye kiwanda cha kofia. Siku ya kwanza tu anapiga chafya, anaangukia kwenye mkanda. Mkanda unamchukua. Anapigwa mvuke, anapigwa pasi, anabandikwa lebo kwenye paji la uso, anakunjwa, anatiwa kwenye boksi na kufungwa utepe. Duka la mbali huko, mama mmoja tajiri anafungua boksi, jamaa anachomoza kichwa na kumwamkia kwa heshima zote.

Kantini ilivunjika mbavu. Redio alikuwa amemkazia macho jamaa wa koti. "Huyu anasema lugha ya kwao," akalalamika kwa sauti. "Anabwata kutwa nzima, sipati hata neno. Nimeibiwa!"

Watu wakazidi kucheka, na Shangazi akajikuta anacheka nao, mpaka kicheko kilipomkwama. Mtu anapitishwa mashinini tangu kichwa mpaka miguu, na yeye ameketi hapa anaonyesha meno. Akafunga mdomo. Akajikasirikia, kisha akamkasirikia jamaa wa koti kwa kutoka mzima kwenye lile boksi. Vidole kumi! Amepita kote kule na bado ana vidole kumi vya kuvulia kofia!

Afisa Utumishi akasimama mbele ya pazia, mwanga wa projekta unamchora madoadoa kwenye tai.

"Sasa na ninyi mtajiona! Kijana wetu amepiga picha nyingi za kazi. Makao makuu wamechagua zile za kufurahisha, wameziunga, wamezikimbiza kidogo. Nyota wa leo ni ninyi!"

Mpima Muda akabadilisha mkanda wa picha. Na kweli, wakajiona. Mstari mzima wa vifuniko, watu wanakwenda mbio kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Wapishi wanagawa chakula kama wanapigana. Fundi mitambo anapanda ngazi, anashuka ngazi, anapanda. Ofisi mbele ilicheka sana.

Benchi za nyuma walicheka kwa sababu nyingine. Midomo! Ile ilikuwa midomo yao, lugha yao. Mwendo ulikuwa wa kasi, lakini watu waliokaa miaka miwili na mdomo wa Chiriku hawakushindwa na kasi hiyo. Redio akaanza kuwasemea waliomo kwenye picha.

"Huyo mpishi anasema, 'Nyama imekwisha, wape mchuzi na pole.' Shangazi huyo! Shangazi anasema, 'Mgongo huu utanizika.' Na huyu fundi, subiri, anasema, 'Bosi ana kichwa kama...' Eh. Hilo tuliache."

Fundi alijificha nyuma ya kofia yake. Watu wakapiga meza kwa kucheka.

Ndipo akatokea Filimbi.

Alijaa kwenye pazia, uso umeelekea kamera, nyuma yake ukutani ule ubao wa SIKU BILA AJALI, unaohesabu siku tangu mtu aumie mara ya mwisho. Ubao ulisema 212. Mbele yake, akiipa kamera mgongo, alisimama msichana aliyefunga kitambaa cha kichwa chenye tundu la pasi pembeni.

Shangazi alikijua kile kitambaa. Kilikuwa chake. Alikiunguza mwenyewe. Chiriku alikiazima asubuhi ya siku ile, cha kwake kilikuwa kimelowa kwenye kamba, na kilirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko, kimeganda damu, kikavu kama bati. Na 212 kila mtu aliijua. Kesho yake ubao ulirudishwa sifuri.

Kwenye picha, msichana aliinua mkono kwenda kwenye kitufe chekundu. Filimbi akaupiga ule mkono, pa, ukarudi. Mdomo wake ukafunguka mkubwa, ukajaa pazia.

Redio alikuwa ameshaanza kusema kabla akili yake haijafika. "Anasema, 'Usizime! Tunapimwa! Toa hivyo...'"

Akageuka kumtafuta Shangazi kwa macho.

Msichana alitikisa kichwa. Filimbi aliruka ruka, mikono juu, mdomo unakwenda. Akapuliza filimbi, mashavu yakavimba. Picha ikakatika hapo, likaja bango: NYAPARA WETU HODARI! Viti vya mbele vikapiga makofi na kucheka. Ilipita muda ofisi kugundua kwamba wanacheka peke yao. Nyuma yao watu mia na arobaini walikuwa kimya.

Shangazi alisimama.

"Rudisha," alisema.

"Mama, bado kuna sehemu ya..." Afisa alianza.

"Kijana, rudisha hapo."

Filimbi alikuwa ameketi safu ya pili. Aliinama kwa Afisa, akaweka kiganja kando ya mdomo kuzuia sauti isiende nyuma. Kiganja kilizuia sauti. Mdomo hakikuuzuia, kwa sababu alikuwa amegeuza shingo upande na mwanga wa projekta ulikuwa unampiga usoni.

Redio akasema kwa sauti, pole pole kama anayesoma tangazo, "Anasema, 'Zima mashine hiyo kabla hawajaelewa.'"

Filimbi aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Leo anajua kusema zima," alisema Shangazi. "Mmemsikia? Leo amelikumbuka neno. Zima! Wiki saba zilizopita lilikuwa limempotea. Mtoto wangu alikuwa na vidole kumi na neno moja, na huyu alimnyang'anya neno, kisu kikamaliza kazi." Akamgeukia Mpima Muda. "Kijana, usiponirudishia hiyo picha nitakuja kuirudisha mwenyewe, na mimi sijui kutumia kidude chako, nitakivunja."

Kijana akarudisha. Ubao ukatokea, 212. Kitambaa kikatokea. Mkono ukainuka, ukapigwa. Na Filimbi wa kwenye pazia alipofungua mdomo, Shangazi akafungua wake, na Redio wake, na fundi mitambo, na benchi zote za nyuma, sauti mia na arobaini kutoka kwenye mdomo mmoja.

"USIZIME! TUNAPIMWA! TOA HIVYO HIVYO! TOA KWA MKONO, HARAKA, AU TOKA!"

Maboksi ya dirishani yalitikisika.

"Picha haina sauti," alisema Afisa, rangi imemtoka. "Kila mtu anaweza kuitungia maneno yake. Hii haithibitishi kitu."

"Sisi wote tumetunga mamoja?" Redio aliuliza. "Bila mazoezi? Basi mtuajiri kwaya."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa ameshafika kwenye projekta. "Ulikuwa pale," alimwambia Mpima Muda. "Hatua tano. Jicho lako kwenye kioo. Kwa nini hukusema?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa natazama saa," alisema.

Shangazi alitamani kumpiga. Kiganja kilishafunguka. Kisha lile neno saa likamwingia, akaupa mkono wake kazi nyingine, akashika ukingo wa meza. Kijana alitazama saa. Filimbi alitazama kijana anayetazama saa, akaogopa mashine ikisimama sekunde thelathini ataandikwa. Na yeye Shangazi, aliyekuwa karibu kuliko wote, hakutazama. Akaulizwa, akaandika kama mtu aliyetazama.

"Leteni ile karatasi," alisema.

"Karatasi gani?"

"Usinifanye mtoto. Ile yenye sahihi yangu."

King'ora cha kurudi kazini kililia. Kila siku kikilia, benchi zile hufyatuka kama zina springi. Safari hii hakuna aliyenyanyuka. Hapakupangwa kitu, hapakuwa na kiongozi, watu walibaki tu wamekaa, mikono juu ya meza, na wengi walikuwa wanaiangalia. Kule ndani ya kiwanda mashine kumi na mbili zilikuwa zimenyamaza. Kimya kile kilikuwa hakijawahi kusikika saa nane ya mchana.

Filimbi alisimama. Labda alitaka kuokoa jahazi, labda ni mazoea tu. Aliweka filimbi mdomoni, akavimbisha mashavu, akapuliza.

Wakaisikia. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, wakaisikia. Ilikuwa na kasauti kembamba, ka kuchezea watoto, na njegere yake, ile punje inayocheza ndani, ilikuwa imekwama, kwa hiyo haikuimba, ilipumua tu kama mtu mwenye mafua.

"Ndiyo hiyo?" Redio alisema. "Miaka yote hii, ndiyo hiyo?"

Hapo walicheka, na hakikuwa kicheko cha picha. Filimbi aliishusha filimbi, akaitia mfukoni, akakaa.

Karatasi ililetwa. Afisa aliishika kwa ncha za vidole, na Shangazi hakumpokonya, alimwambia aisome kwa sauti ili kila mtu aisikie, na Afisa akasoma, akifika kwenye neno uzembe sauti ikamwishia akalirudia. Kisha Shangazi akachukua kalamu. Akakata sahihi yake kwa mstari mmoja. Akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa maneno ya Filimbi kama yalivyotoka mdomoni mwa Filimbi, na chini yake: *Sikuona. Nilidanganya niliposema najua.* Akaweka sahihi mpya. Karatasi ikapita benchi kwa benchi. Waliokuta mistari imejaa waliweka sahihi pembeni, waliokosa pembeni waliomba karatasi nyingine.

"Hii lazima niipeleke makao makuu," Afisa alisema. "Siwezi kuahidi kitu."

"Peleka. Mwambie na bosi mkubwa kwamba vifuniko vitakuwa vichache," alisema Shangazi. "Hatugongi bati mpaka barua ya mtoto iandikwe upya na arudi kwenye kazi inayofaa mkono wake. Na mkanda wa picha unabaki hapa."

Mkanda ulikuwa tayari ndani ya kopo lake, na kopo lilikuwa tayari chini ya makalio ya Redio, na Redio alikuwa mzito kama magunia mawili. Kumwondoa kulihitaji winchi.

Shangazi hakusubiri. Alivua aproni, akaiacha mezani, akatembea mpaka nyumbani juani, njia nzima midomo yake inakwenda bila sauti. Waliopishana naye walidhani mama huyu amechanganyikiwa.

Chiriku alikuwa uani, anafua kwa mkono wa kushoto, nguo ameibana na goti. Aliinua uso. Aliona saa hii si ya kurudi, akajua kuna jambo, lakini hakuuliza.

Shangazi alisimama hatua chache mbele yake. Alifungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka ishirini na sita, au kwa uoga, hakutoa sauti. Midomo ikasema: *Nimeona. Ulisema kweli. Nisamehe.*

Chiriku aliisoma mpaka mwisho. Akakamua nguo, taratibu, kwa goti na mkono mmoja. Akaitundika.

"Hapana," alisema. Ilikuwa sauti yake, na ilikuwa na kutu. "Siku ile hukunitukana kwa midomo, Shangazi. Ulinitukana kwa sauti. Chumba cha kwanza mpaka cha tisa walinisikia naitwa mzembe. Tangu siku ile nachota maji hapa na wanaushangaa mkono wangu kama nimeuiba. Sema kwa sauti."

Shangazi alitembea mpaka katikati ya uani, pale pale aliposimama siku ile.

"Jamani!" alipiga kelele. "Tokeni nje! Tokeni wote!"

Pazia la kwanza likafunguka, kisha la pili. Mwenye sufuria alitoka na sufuria yake.

"Huyu mtoto hakuwa mzembe! Alikatazwa kuzima mashine, akaniambia, nikamwita mwongo! Mwongo ni mimi! Niliweka sahihi juu ya kitu ambacho sikukiona!"

Sauti ilimpasuka mwishoni. Shangazi alimgeukia Chiriku, machozi yanamtoka na hasira haijamtoka.

Chiriku alikuwa amesimama wima, mkono wenye vidole viwili uko nje, hajauficha kwenye kanga. Aliangalia milango mmoja mmoja, akihesabu waliotoka.

"Babu wa chumba cha tisa ni mzito wa masikio," alisema. "Hajasikia. Rudia."

Shangazi akavuta pumzi, akarudia.